Kumi na Mbili Ni Kubwa Kuliko Thelathini na Sita

Mtu wa Gitega anaweza kuwa na mapenzi ya kila namna asiulizwe neno. Akifuga njiwa, watu husema ana huruma. Akikusanya redio mbovu zilizonyamaza tangu enzi ya Mwami, husema ana subira. Na akishika njia ya Gishora kila Jumapili kwenda kusikiliza ngoma, ngoma zile ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu, humsifu kwa kuipenda nchi yake. Lakini ole wake apende bunduki, si kwa nia ya kumdhuru mtu, wala kumtisha mtu, wala hata kumtoa roho kanga wa porini, bali azipende jinsi wengine wapendavyo saa za mkononi: chuma chake, mti wa kitako chake, mlio wa mtambo wake unapofungwa, na hesabu zake zisizokwisha za upana wa mtutu na uzito wa risasi. Mtu huyo atagundua kwamba katika nchi iliyopitiwa na vita kuanzia mwaka 1993, na kwa miaka zaidi ya kumi iliyofuata, hakuna neno linaloshusha sauti za watu upesi kuliko hilo, na kwamba baraza nzima ya wanywaji kahawa yaweza kutawanyika kwa kisingizio cha sala ilhali adhuhuri imekwisha kusaliwa na alasiri bado mbali.

Asili ya mapenzi yangu ni kitabu. Marehemu baba alikuwa karani katika duka la Mgiriki mmoja zamani za Wabelgiji, wakati mji wetu ulipokuwa ukiandikwa Kitega juu ya bahasha, na bwana yule alipofunga biashara akarudi kwao, alimwachia baba mizani iliyopotoka, daftari la madeni ya watu waliokwisha hama, na orodha ya bidhaa ya Manufrance, kampuni ya Saint-Étienne nchini Ufaransa. Kitabu kinene chenye picha za kuchorwa, ambamo baiskeli za Hirondelle zimekaa jirani na cherehani za Omnia, ndoana za samaki na soksi za sufu, na ambamo, baada ya soksi, huja kurasa tukufu za bunduki. Humo imo Idéal kwa matajiri, imo Robust kwa watu wa wastani, na imo Simplex, yenye mtutu mmoja, kwa mafukara wenye tamaa, yaani sisi. Kampuni yenyewe ilifilisika na milango yake ikafungwa katika miaka ya 1980, jambo ambalo wengine wangeliona kuwa ni kasoro katika orodha ya bidhaa, bali mimi naliona ni neema, maana katika soko zima la Gitega, ambako bei ya sukari ya asubuhi siyo ya jioni, hakuna bei nyingine zilizotulia namna ile.

Msomaji asinidhanie vibaya. Nchi yetu ilitia sahihi Mkataba wa Nairobi wa mwezi wa Aprili 2004, unaowakataza raia bunduki za kufyatua mfululizo na hata zile za nusu mfululizo, na sheria yetu wenyewe ya silaha ndogo ndogo ilitoka mwezi wa Agosti 2009. Nami sina ugomvi na mojawapo, kwa kuwa haja zangu zote zinatoshelezwa na kurasa zile, na sijasikia bado serikali iliyodai kibali cha kumiliki ukurasa. Jioni, baada ya chakula, navaa miwani, nawasha taa, nanunua.

Na kununua kuna elimu yake. Asiyejua huanza kwa kuuliza bei ya bunduki, ilhali bunduki hununuliwa mara moja tu, nayo ikipakwa mafuta na kuepushwa na unyevu wa masika itamzika mwenyewe na kumhudumia mwanawe. Lakini risasi ni ya kila siku ya mchezo, na kila ufyatuapo ni fedha iliyotoka mfukoni, ikapita mtutuni, ikaishia katika udongo wa watu. Mwenye busara huanza upande wa pili. Hutafuta kwanza risasi iliyo rahisi, inayotengenezwa kwa wingi na viwanda vingi vinavyoshindana, kisha ndipo huitafutia bunduki ya kuila. Warundi, ambao tangu jadi hupeana ng'ombe kwa heshima na shukrani, hawahitaji kuelezwa sana jambo hili, maana apewaye ng'ombe naye hana majani hakupewa mali, kapewa kazi.

Kwa kanuni hiyo, mfariji wa mafukara wa dunia nzima ni risasi ndogo ya .22, ambayo unene wake ni milimita 5.6 hivi, iliyotoka katika kiwanda cha Stevens huko Marekani mwaka 1887, na ambayo mpaka leo huuzwa 50 katika kisanduku kinachoenea kiganjani; sauti yake ina adabu, na teke lake begani halistahili hata kuitwa teke. Mkabala wake wamekaa masultani: .375 ya Holland & Holland ya London, ya mwaka 1912, na .458 ya Winchester, ya mwaka 1956, zilizobuniwa kwa ajili ya tembo na mbogo, ambazo risasi yake moja yaweza kumeza kitoweo cha nyumba yangu cha siku kadhaa, na mfyatuaji, pamoja na hasara hiyo, akalala na bega lililovimba. Mbogo tunao, alhamdulillahi, katika mbuga ya Ruvubu, inayopita baina ya Karusi, Muyinga, Cankuzo na Ruyigi. Walakini mbuga ile ni hifadhi ya taifa, na mbogo wake, ghairi ya kuwa na pembe, wana sheria.

Fitina kubwa, hata hivyo, imo katika bunduki za marisau, na fitina hiyo ndiyo iliyoleta maneno nyumbani kwangu. Mitutu ya bunduki hizi haipimwi kwa milimita, bali kwa hesabu ya kizamani ya Waingereza: huchukuliwa ratili moja ya madini ya risasi, ikagawanywa vidonge vya mviringo vilivyo sawasawa, ikiwa kidonge kinachoenea mtutu ni kile kilichotokana na kugawa ratili mara 12, bunduki huitwa ya 12, na tundu lake ni milimita 18 na nusu, ikiwa ni mara 16, huitwa ya 16, ambayo Wafaransa wanaipenda sana, na ikiwa ni mara 20, huitwa ya 20, yenye mtutu mwembamba zaidi. Kwa ufupi, namba ikipanda, tundu hushuka. Mama watoto, ambaye huuza vitenge sokoni na hajapata kumdhulumu mteja hata unyuzi mmoja, alinikuta usiku mmoja nikipiga hesabu baina ya 12 na 36, akavuta kiti, akataka kuelezwa, nami kwa furaha ya kupata msikilizaji ndani ya nyumba yangu mwenyewe nikamweleza yote.

"Yaani," akasema, "mteja akiomba thelathini na sita hupewa kidogo kuliko aliyeomba kumi na mbili?"

"Naam."

"Na mwenye duka anajua?"

"Anajua."

"Na hao ndio waliokuja kutufundisha hesabu?"

Nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa sijamfikisha kwenye lililo baya zaidi, nalo ni kwamba hiyo 36 ya Wafaransa, ambayo Waingereza huiita .410, ni ya uongo. Ukiipima kwa vidonge vya ratili utapata kiasi cha 67, siyo 36. Dhuluma juu ya dhuluma. Mwanamke aliyezoea mita ya mbao yenye muhuri angeliniamuru kukitia kitabu jikoni usiku uleule. Alichofanya, na hili ndilo lililozaa yote yaliyofuata, ni kumpigia simu kaka yake wa Muyinga na kumweleza kwamba mumewe anataabika kwa kukosa mtutu.

Shemeji huyo ni mtu wa mishikaki. Ana jiko lake katika mtaa wa Waswahili wa Muyinga, mahali ambapo madereva wa malori yaendayo Kobero kuvuka mpaka wa Tanzania husimama kula nyama ya mbuzi na ndizi za kuchoma, na tabia yake ni kutoliacha tatizo la mtu likapoa. Haukupita muda akanipigia.

"Shemeji, njoo. Mtutu ninao, na bei yake ni bure."

Nikamwuliza ni wa kaliba gani. Akasema kaliba haijui, ila kidole cha mtoto kinaingia na chake hakiingii. Mpenda bunduki akisikia maneno hayo hawezi tena kulala. Nikafunga mkoba, nikatia kitabu, miwani na rula ya shule, nikashika njia ya Karusi ndani ya Probox, gari ambalo waliolitengeneza walilikusudia watu 5 na madereva wetu wamelikusudia ukoo.

Tulikuwa tumeikaribia Karusi, nami nimebanwa baina ya gunia la viazi na bibi mmoja aliyelilalia bega langu tangu Gitega, simu ilipolia. Alikuwa shemeji, na mtandao ulikuwa wa kuja na kutoweka, kwa hiyo mtu hakuwa na budi kupaza sauti. Yeye aliyoyasema hayakusikika na mwingine ila mimi, mimi niliyoyasema yalisikika na gari zima, nayo, kwa kadiri ninavyokumbuka, yalikuwa haya: "Kama kidole chako hakiingii, hiyo si kumi na mbili! Kumi na mbili ingemeza kidole gumba! Hapana, usimpe mtu! Risasi zake tutazitafuta baadaye, wewe ufiche, nakuja kuuchukua mwenyewe!"

Bibi akalirudisha bega langu kwangu. Dereva, aliyekuwa akisikiliza mpira kwa sauti ya juu, akaupunguza mpira. Kijana mmoja wa nyuma akaanza kusoma dua kwa ulimi mwepesi, na ingawa gari lilikuwa limejaa hata mlango ukifungwa kwa goti, mara ikapatikana nafasi kubwa ya ajabu kila upande wangu, nikakaa kwa raha ambayo sijapata kukaa katika Probox yoyote.

Raha hiyo iliendelea hadi kizuizini. Dereva hakungoja kuulizwa. Alisimama, akazima, akanielekezea kidevu. Akaja afande, mtu mzima mwenye uso uliochoka, akaniomba nishuke na mkoba wangu, nikashuka, naye akatoa kitabu na kuanza kukipekua chini ya mkaratusi, ukurasa baada ya ukurasa, huku abiria wakitazama kutoka dirishani kwa ile shauku ya watu wanaojua kwamba ushahidi wao utahitajika. Alizipita Idéal. Akazipita Robust. Akasimama kwenye baiskeli za Hirondelle na kukaa hapo muda mrefu.

"Mzee," akasema hatimaye, bila kuinua macho, "bunduki unaitakia nini?"

"Kupenda tu, afande."

"Kupenda." Akalitafakari neno hilo. "Hii yangu nimepewa bure, mzee. Milimita 7.62. Risasi nazo bure. Nakwenda nayo msalani. Mvua ikinyesha, inafunikwa yenyewe kwanza kabla yangu. Ikipungua risasi moja, naandika maelezo mpaka mkono ufe ganzi. Umri wangu wote nina bunduki ya bure na risasi za bure, na wewe unasema kuna watu wanatoa fedha zao." Kisha akakigeuza kitabu kunielekea, kidole kikiwa juu ya picha. "Hii baiskeli ni bei gani?"

Nikamweleza kwamba kiwanda kimefungwa. Akasikitika kwa dhati, akanirudishia kitabu kwa mikono miwili, akatuachia njia. Nimesoma mengi juu ya uchaguzi wa silaha kwa mtu wa kipato kidogo, na sijaona popote hoja iliyowekwa kwa ufasaha kuliko ile. Walakini abiria wenzangu, ambao tulikuwa tumewachelewesha, hawakuwa na hamu ya kuisikia nilipojaribu kuwasimulia.

Tuliingia Muyinga magharibi. Shemeji alikuwa jikoni kwake, moshi umemzunguka, mbuzi juu ya wavu, na mdomoni ameshika bomba refu jeusi ambalo alikuwa akilipuliza makaa kwa bidii. Akaniona, akalitoa mdomoni, akalipangusa kwa shati, akanikabidhi.

"Huo hapo," akasema.

Nilikaa nao chini ya taa mpaka watu wengi wakadhani nimeleta malalamiko juu ya nyama. Upande wa moto chuma kilikuwa kimepauka na kuparuza kwa kuungua. Upande wa mdomo kilikuwa laini na kung'aa kwa midomo ya vizazi viwili vya wachoma nyama. Na nilipouelekeza kwenye taa na kuchungulia, baada ya masizi kuangukia miwani, nikaona michirizi ikizunguka polepole ndani kutoka mwisho hadi mwisho, michirizi ambayo bomba la maji halina na haliwezi kuwa nayo. Nikatoa rula. Milimita 11. Nikapima tena, kwa sababu moyo ulikuwa ukinienda mbio, nikapata ileile.

Milimita 11 ndiyo kaliba ya Mauser ya mwaka 1871, bunduki ambayo Wajerumani waliwapa askari wao wa Afrika Mashariki, wale waliojenga boma la Gitega baada ya makao ya utawala kuhamishiwa huko mwaka 1912, na ambayo baruti yake nyeusi ilitoa moshi mzito kiasi kwamba katika vita vya 1914 askari akifyatua risasi moja tu, adui alijua papo hapo yuko kichaka gani. Nikamwambia shemeji kwamba mtutu wake ulikuwa na tabia ya moshi tangu ujana. Kwa masimulizi ya ukoo, babu yao, aliyetoka Ujiji na biashara ya chumvi, aliuokota migombani baada ya Wajerumani kuondoka na Wabelgiji kuingia mwezi wa Juni 1916, wakati kitako na mtambo vilikwisha kwenda njia zao. Na babu huyo, kwa kutokuwa na kitako, alipata kwa bahati tu kutii Mkataba wa Brussels wa 1890, ambao madola ya Ulaya yaliuandika ili bunduki za michirizi zisifike mikononi mwa watu wa bara letu, yakabakiza, kwa ukarimu na kwa sehemu fulani tu, gumegume zisizo na michirizi. Ndipo nilipoona kwamba hata nisumbuke vipi na kurasa za baba, kazi ya kumchagulia fukara wa huku kaliba inayomfaa ilikwisha fanywa zamani na watu wengine, waliokaa mezani bila kuuliza bei.

Shemeji anao msiba wake mwingine na mtutu ule. Mwezi wa Oktoba 2009, raia walipokuwa wakihimizwa kurudisha silaha na waliorudisha wakipewa vitu vya kuwafaa, saruji, mabati, vitenge, yeye alikuwa na jiko la nje lililokwama msingini. Akauvingirisha mtutu katika mkeka, akaupeleka. Waliokuwa wakipokea wakauchungulia, mmoja akaupuliza, masizi yakamrukia mwenzake, wakacheka, wakamwambia, "Baba, huu ni mrija." Shemeji akabisha. Akasema ni silaha, ya Kijerumani, ya hatari. Wakasema ni mrija. Nadhani katika majuma yale yote ya watu kukana kwa viapo kwamba hawana kitu, alikuwa ndiye raia peke yake aliyesimama mbele ya wakubwa akidai kwamba anayo silaha, nao wakimkatalia. Akarudi nyumbani na mkeka wake, bila saruji, na kwa hasira akaanza kuchoma nyama barazani, biashara ambayo mpaka leo inamlisha.

Tukala, tukafanya hesabu. Bunduki, kwa upande wa mtutu, ilikuwa ni bure, na hapo hakuna orodha ya bidhaa iwezayo kushindana. Kitako na mtambo havikuwapo. Na risasi zake, ambazo viwanda vikubwa vilikwisha acha kuzitengeneza, hufanywa kidogo kidogo kwa ajili ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, kila moja kwa bei ambayo shemeji alipoisikia aliweka mshikaki chini. Alisema ng'ambo, upande wa Ngara, amepata kuona magobori, ambayo kaliba yake ni chochote kinachoingia: gololi za baiskeli, vipande vya nondo, nati, bunduki isiyochagua chakula, akasema, ndiyo ya fukara hasa. Nikamjibu kwamba gobori haichagui chakula na aghalabu haichagui upande wa kutokea pia, na kwamba hapa kwetu wakati wa vita waliojaribu kuziunda kwa mabomba ya maji waligundua hivyo kwa vidole vyao. Akakubali. Pakawa kimya kidogo, ndipo mpwa wangu, aliyekuwa ametusikiliza muda wote kwa tabasamu la dharau, akaingia ndani akatoka na manati.

Panda yake ilikuwa ya mpera, mipira yake ya tyubu ya baiskeli, na ngozi yake ya kiatu. Shemeji akaishika, akaivuta, uso ukamng'aa. "Risasi zake," akasema, akinyoosha mkono kuelekea lundo la kokoto la jirani aliyekuwa akijenga, "hata Kobero hazitozwi ushuru." Nami, maadamu uwanja wa elimu ulikuwa umenifungukia hatimaye, nikachukua taa nikaliendea lundo lile na kuzichambua kokoto kwa utaratibu: zenye pembe hupotoka hewani, hizo nikazitupa, bapa huelea, nazo nikazitupa, nyepesi hazifiki, nzito huchosha mpira, mpaka nikapata moja ya mviringo kamili, nyeusi, baridi, ambayo kwa makadirio ya haraka ya ratili ningeiita ya namba 20, nikaipangusa kwa leso na kumkabidhi.

Shabaha ilikuwa ni kopo la nyanya juu ya ukuta. Shemeji akafumba jicho, akavuta mpaka sikioni, akaachia. Na ni haki kusema kwamba katika maisha yangu ya kusoma juu ya mwendo wa risasi sijaona kitu kilichokwenda kwa unyofu namna ile. Kokoto haikupinda, haikuyumba, haikulijua hata kopo. Ililipita kwa juu, ikavuka uani, na nilikuwa bado naisifu kimoyomoyo ilipofika juu ya paa la pili, mahali ambapo Alhaji jirani alikuwa ameweka juzi tu paneli ya sola iliyotoka Tanzania, bado ina karatasi ya bei pembeni. Mlio ulikuwa mwembamba, wa kioo. Taa za nyumba ile zikabaki zinawaka, kwa kuwa betri ilikuwa imejaa, nasi tukapata faraja ya muda mfupi sana.

Alhaji alitoka na kanzu ya kulalia, tasbihi mkononi, akasikiliza pande zote bila kukatiza, jambo linalotisha kuliko makelele. Shemeji akasema yeye amevuta mpira tu, kokoto imechaguliwa na msomi kutoka Gitega aliyechukua nusu saa kuichagua. Nikasema kokoto ilikuwa haina kosa, na kwamba ushahidi wa ubora wake ni umbali iliofika. Mpwa wangu alikuwa amekwisha lala, na viatu. Alhaji akahukumu hivi: fidia igawanywe mafungu matatu, fungu la aliyechagua risasi, fungu la aliyefyatua, na fungu la mwenye silaha, na kwa kuwa mwenye silaha ni mtoto, fungu lake ni la baba yake. Shemeji alipohesabu akakuta ana mafungu mawili, akapiga yowe. Fungu langu peke yake, kwa bei za kitabu cha baba, lingetosha Simplex na soksi za sufu.

Kwa kuwa fedha taslimu haikuwapo, Alhaji akataka rahani, akatazama huku na huko, akauchukua mtutu. Shemeji akamsihi. Akamwambia huo ni mrija tu, hata serikali ilikwisha sema. Alhaji akamjibu kwamba yeye alikuwapo kwenye foleni siku ile ya 2009, na alimsikia kwa masikio yake akiapa kwamba ni silaha.

Basi ikawa malori mawili yamesimama kwa pamoja, madereva wanagonga meza, na shemeji amepiga magoti mbele ya jiko anapuliza makaa kwa mashavu yake, majivu yakimrudia usoni, simu imebanwa begani, anamweleza dada yake hasara yote tangu mwanzo huku sauti ikiwekwa wazi ili nami nipate sehemu yangu. Juu ya ukuta kikatokea kichwa cha Alhaji. Alikuwa amekwisha uchungulia mtutu, maana jicho moja lilikuwa na duara la masizi.

"Bwana wa Gitega," akaniita kwa upole, "hii umesema ni ngapi?"

"Kumi na moja, Alhaji."

"Na ile mliyokuwa mkiizungumza, ya kumi na mbili. Basi hiyo imezidi hii kidogo tu?"

Nikamwambia jambo hilo ni refu kidogo, anisogezee kiti upande wake, na kama ana ratili moja ya madini ya risasi ndani ya nyumba ingesaidia. Mama watoto, kwenye simu, akakata.